Mama Haletwi, Hufuatwa: Maisha ya Nicasia Villalba wa Potrero Yvaté

Nicasia Villalba alizaliwa kwenye tuta la mihogo. Mama yake alikuwa aking'oa chakula cha mchana uchungu ulipomshika, asubuhi ya tarehe 14 Desemba 1904, katika kijiji cha Potrero Yvaté, chini ya vilima vya Guairá, nchini Paraguay. Bibi yake alimfuta udongo kwa jani la mgomba akasema mtoto huyu ameshabatizwa na ardhi, yamebaki maji tu. Maji hayo yalikawia karibu mwaka mzima, kwa kuwa padre alifika kijijini kwa nadra. Nicasia hakusoma shule. Alijua rozari, nyimbo za Kwaresima na kusuka kofia za ukindu, basi. Aliolewa mapema, mumewe akaenda vita vya Chaco na hakurudi, akamwachia mwana mmoja, Anselmo.

Wito wake ulikuja mwaka 1938. Paroko alimkabidhi sanamu ndogo ya Bikira Maria, ya mti wa mwerezi, ndani ya kisanduku cha kioo, izunguke nyumba kwa nyumba ili watu wasali pamoja hata pasipo padre. Kwingine mwenye zamu huibeba sanamu hadi kwa jirani, akaiacha kizingitini na kwenda zake. Nicasia alikataa. Aliweka sheria moja: "Mama haletwi, Mama hufuatwa." Anayemtaka aende mwenyewe kwa jirani aliye naye, abishe hodi, aketi, ale kilichopikwa humo, ndipo ambebe. Sheria nyepesi kutamka, nzito kama jiwe la kusagia! Walionuniana miaka mingi wakajikuta mezani pamoja. Petrona Ocampos, jirani yake mwenye ulimi wa kiwembe, alilazimika kula kwa mtu aliyesemwa kila mahali kuwa ndiye aliyemwibia ng'ombe. Alitafuna kila tonge akimkazia macho mwenye nyumba, na alipoinuka akasema, "Nyama tamu. Kama naifahamu vile." Juma lililofuata ndama alikutwa amefungwa langoni kwake. Hivyo ndivyo Injili ilivyohubiriwa Potrero Yvaté: kwa miguu na kwa sahani.

Ndipo likaja jaribu. Mwaka 1947, katika vita vya ndugu kwa ndugu, Anselmo akiwa na miaka kumi na tisa alijificha msituni. Mchunga nyumbu Liborio Cañete, ambaye nyumba yake ilikuwa kati ya ya Petrona na ya Nicasia, aliwaonyesha askari njia. Anselmo hakuonekana tena, wala maiti yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimu Liborio. Sanamu ilipotoka kwa Petrona iliiruka nyumba ya Liborio ikaenda moja kwa moja kwa Nicasia, na Nicasia, mtunga sheria, ndiye aliyeifuata kwa Petrona, kana kwamba nyumba ya katikati haipo. Miaka kumi ikapita hivyo.

Mwezi Februari 1958 Liborio alibisha hodi kwa Petrona. Aliketi bila kuambiwa aketi, akala mihogo ya baridi aliyosukumiwa, akasimama, akambeba Mama. Petrona alimfuata hadi mlangoni tu. Angemzuiaje? Mtu amekuja, amekula. Sheria imetimia. Na wa kwenda kumfuata Mama baada yake alikuwa Nicasia.

Hakwenda. Alisema miguu inamuuma. Kwaresima ikaingia, sanamu bado iko kwa Liborio, na kijiji kizima hakina mahali pa kusalia. Petrona akaja, mikono kiunoni. "Mwenzangu, mimi ulinilisha ng'ombe wangu mwenyewe kwa jina la Bikira. Leo zamu yako, miguu imeota magonjwa?" Paroko naye, Padre Wendelin, alifika na gari lake akamhurumia. "Kaa tu, mama. Nitaichukua mimi, nikuletee hapa." Nicasia alilia, kisha akatamka maneno ambayo watu wa kwetu hawajayasahau: "Padre, ukiibeba wewe, itafika sanamu tu. Mimi nitakuwa bado sijafika."

Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi alijifunga mtandio mweusi akaenda. Kijiji kilimfuata kwa mbali, kikasimama nyuma ya ua wa michungwa. Alibisha hodi. Liborio alifungua, akauacha mlango wazi, akasema, "Karibu, Mama Anselmo." Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu mwanawe apotee. Aliketi. Liborio akaweka mbele yake chipa, mkate wa unga wa mihogo na jibini, ungali moto. "Naoka kila asubuhi," alisema. "Usipokuja nawapa kuku." Nicasia aliumega. Walioshuhudia wanasema mkono wake ulikaa hewani muda mrefu mno. Kisha akala. Akala wote. Liborio akaanguka magotini. "Mama, mimi najua alipo. Nilimzika kwa mikono yangu. Nilitaka kukwambia, lakini nani angenisikiliza?"

Walitoka pamoja, yeye amembeba Mama, Liborio ametangulia na jembe, watu wote nyuma. Hapo penye kijito ulisimama mti wa lapacho, ambao kwetu huchanua baridi inapoisha. Ilikuwa Machi, joto bado kali, na mti ule ulikuwa umejaa maua ya rangi ya waridi tangu shina hadi kilele. Watu walivua kofia. Chini yake wakaikuta mifupa, na rozari ya mbegu ambayo Nicasia aliijua kwa sababu aliitunga mwenyewe. Wapo wanaobishana juu ya maua, walioyaokota hawabishani. Kanisa bado halijasema neno, nasi tunangoja hukumu yake kwa utii.

Jumapili ya Matawi Liborio aliingia kanisani. Benchi lote likahama. Nicasia akaenda akaketi kando yake, na kila Jumapili aliketi hapo, hadi alipofariki kwa homa ya mapafu tarehe 9 Juni 1971, akiwa ameshika mkono wa Petrona.

Jumapili iliyofuata mazishi, mzee Liborio aliketi peke yake. Wimbo wa mwanzo ukaisha, nafasi ile ingali tupu, na watu wakawa wanaitazama bila kuthubutu kuikalia. Ndipo Petrona akainuka, akapita katikati ya kanisa kwa fimbo yake, akasimama mbele yake. "Sogea, mzee. Umejitanua kama bwana harusi." Akaketi.

Anayetaka kumwiga Nicasia asingoje mti uchanue. Jumapili hii atazame ni nani benchi limemhama, aende akaketi.