Klimu ya Magurudumu na Keki ya Ghorofa Nne

Siku yangu ya kwanza kazini niliipasha moto stoo ya dawa niliyotumwa kuipoza. Lilikuwa duka la dawa pale Muhima, na mashine yenyewe ilikuwa klimu ya magurudumu, yaani kiyoyozi unachokisukuma kutoka chumba hadi chumba. Nyuma yake lilining'inia bomba pana la kutupa joto nje. Mimi na cheti changu cha sekondari tuliona linajaza chumba bure. Nikalikunja vizuri, nikalifunga kwa kamba, nikawasha. Baada ya saa moja mwenye duka alikuwa anajipepea kwa boksi la vidonge. Nikamwambia mashine mpya huchelewa kuzoea mahali.

Shefu, mkuu wa karakana iliyoniajiri, mtu wa maneno machache, alikuja akaitazama ile kamba. "Hii joto ulitaka iende wapi? Kwa mfuko yako?"

Hakunifukuza. Alinieleza kwamba klimu haitengenezi baridi. Inalibeba joto la ndani na kulitupa nje, basi. Nililala na sentensi hiyo kama mtoto na sala.

Baadaye nilihamia hoteli moja ya mjini, chini ya Mkuu wa Matengenezo. Huyo hakuruhusu mtu aguse kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, kabla ya kukagua njia za hewa. "Anza na hewa," alikuwa akisema. "Gesi iko imefungiwa ndani ya bomba, haiendi sokoni." Kisha ofisi za Gahanga, kwa Meneja wa Majengo aliyeziba kwa gundi hata tundu la kutolea bomba dirishani, akiogopa mafua. "Baridi ndiyo, upepo hapana," alisisitiza, huku jasho likimtoka.

Siku hizi nimestaafu. Nakaa Niboye, na safari yangu ndefu ni kutoka kochi hadi jikoni. Ijumaa moja ya kiangazi, saa sita mchana, jirani yangu Mama Keza alinigongea. Yeye hupika keki. Ya harusi, ghorofa nne, ilikuwa sebuleni kwake, gari la kuichukua linakuja saa tisa, na klimu haipozi. Krimu ilishaanza kuteleza upande mmoja.

"Muzee, hii ikianguka, nani atanipa keki ingine hapa Niboye?" aliniuliza, na hakuwa anatania.

Nilichomoa kichujio, ule wavu wa nyuma unaozuia vumbi. Kilikuwa kimeziba kwa unga na sukari laini, utadhani nacho kimepambwa kwa ajili ya harusi. Nikakiosha, nikakikausha, nikakirudisha. Kipimajoto nilichokiweka mdomoni mwa mashine kikashuka. Nikavua koti, nikaomba chai, nikaanza kumsimulia Mama Keza habari za Shefu, za Mkuu wa Matengenezo, na za Meneja na gundi yake.

Simulizi ilipofika Gahanga, kipimajoto kilikuwa kimepanda tena.

Nikasimama. Bomba lilikuwa limenyooka, dirisha halina mwanya wa kurudisha joto ndani. Tangi la kukusanya maji tupu, kama inavyotakiwa. Kitufe kiko kwenye baridi, siyo kwenye feni. Ghorofa ya tatu ikaanza kuegemea ya pili. Saa nane na robo. Nikajiuliza kama kazi yote niliyoijua ilibaki Gahanga siku niliporudisha funguo. Mwishowe nikatamka lile neno ambalo Mkuu wa Matengenezo asingenisamehe. "Labda gesi."

"Gesi inapatikana wapi kabla ya saa tisa?" Mama Keza aliuliza kwa sauti ndogo. Hizo mashine hazijazwi kama mtungi wa jiko.

Alizunguka nyuma ya mashine, akainama, kisha akainuka na koti langu mkononi. Nilikuwa nimelitundika juu ya wavu ule ule niliokuwa nimetoka kuusafisha. Hewa haikuwa na pa kuingilia.

Baridi ilirudi. Akalainisha krimu kwa kisu, na gari lilipofika keki ilitoka imesimama. Miaka yote hiyo nilitafuta makosa ya wateja nyuma ya mashine. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku ningejikuta huko mwenyewe. Nilitaka kumweleza Mama Keza hivyo, labda na kumalizia ile ya Gahanga. Alinikabidhi koti.

"Muzee, kazi ulimaliza saa ile ulisafisha wavu. Ilibaki tu uchukue koti yako uende nyumbani."