Nilivyopanda brugmansia Dodoma, ikastawi, kisha mama mkwe akachuma majani

Wakuu, habari za mihangaiko. Leo naweka wazi jambo la nyumbani kwangu, na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe imejaa kwenye maji yetu huku, mtaona.

Mimi ni mtu wa Njombe, mtumishi, nilihamia Dodoma na ofisi. Nakaa Nkuhungu.

Kwetu brugmansia ni ua la kwenye uzio tu. Lile lenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, jioni linanukia mpaka barabarani. Hakuna anayelijali. Huku nikalikumbuka kama mtu anavyokumbuka chakula cha mama yake.

Nikatoka likizo na vijiti vinne kwenye begi.

Kwa beginners, sikilizeni. Kata kijiti cha urefu wa kiganja na vidole, kiwe cha kahawia kidogo, sio kibichi kabisa. Weka kwenye chupa ya maji kivulini, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Ukiona vipele vyeupe, mizizi inakuja. Hamishia kwenye ndoo iliyotobolewa chini, mchanga nusu, samadi iliyooza nusu.

Vijiti viwili vilikufa kwa uzembe wangu. Nilimwagilia maji ya kisima cha mtaani, yale ya chumvi. Majani yakaungua pembeni kama yamepitishwa kwenye moto. Nikaanza kukinga maji ya mvua na kutunza ya bomba. Ni mti wa kiu jamani, kwa Dodoma lazima uwe na moyo.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba haiuui. Kinachouumiza ni upepo. Uweke nyuma ya ukuta, jua la asubuhi upate, la mchana ukwepe. Na usikate shina chini ya pale linapogawanyika mara mbili, maua hutokea juu ya hapo. Ukikata chini unaanza upya.

Sasa, jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo.

Mti huu ni SUMU. Jani, ua, mbegu, mzizi, vyote. Mimi nilijua vizuri. Siku moja nilipunguza matawi, nikajifuta jicho bila kunawa. Mboni ikatanuka jicho moja, siku nzima sisomi hata barua. Ofisini wakanitania kwamba nimekunywa pombe asubuhi asubuhi.

Basi mama mkwe akaja kutoka Mlali kumsalimia mjukuu wake, Neema, wa miaka mitano.

Wakuu, mke wangu ni Mgogo, na mimi kwa mama mkwe ni muoga. Sikai naye karibu, sili naye, namsalimia nikiwa nimeinamisha macho. Lugha yao najua salamu ya "mbukwa", basi. Miaka yote ya ndoa maneno yangu kwake ni matatu: shikamoo mama, ahsante mama, ndiyo mama.

Siku aliyofika akasimama mbele ya mti wangu. Wakati huo ulikuwa umenizidi kimo, majani mapana.

Akasema, "Majani laini haya, baba. Kama ya maboga."

"Ndiyo mama."

"Na mnayaacha yanazeeka tu hivi?"

"Ndiyo mama."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Mimi nikafurahi kwamba tumeongea. Kumwambia mkwe "hapana" siku ya kwanza, tena kwa habari ya chakula, ningeanzia wapi?

Jumamosi nilitoka kazini mchana. Nikapita kwenye mti nikasimama. Majani yote machanga ya juu hayapo. Yamechumwa vizuri, kwa kucha, kama anavyochuma mtu anayejua mboga.

Wakuu, nilikimbia.

Nikaingia ndani na viatu. Mama mkwe amekaa mkekani na Neema, ugali katikati, bakuli la mboga ya kijani. Mtoto ameshakata tonge, analichovya.

Sikusalimia. Nikampiga mtoto mkono, tonge likaruka. Nikalinyakua bakuli mbele ya mkwe wangu, nikalimwaga nje.

Mke wangu akatoka jikoni mikono kichwani. Neema analia. Mimi nauliza nani amekula, nani amekula.

Mama mkwe akasema:

"Huo ulikuwa mlenda wangu, baba. Nimekuja nao kutoka Mlali. Majani ya mti wako yale pale."

Akaonyesha uani. Yako kwenye ungo, yamekatwakatwa, yanakauka juani. Alitaka kuondoka nayo Jumatatu, awapikie wajukuu wengine kijijini. Nyumba nzima ya watoto, wakuu.

Nikakaa chini palepale, karibu naye, nikasahau mambo ya kuinamisha macho.

"Mama, huu mti ni sumu. Nilijua tangu mwanzo."

"Lakini nilikuuliza ukasema ndiyo."

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Heshima gani hiyo, baba, ya kuniacha niue wajukuu?"

Nikainuka nikachukua jembe.

Majani tuliyachimbia shimo refu nyuma ya nyumba, ungo tukautupa humohumo. Sikuthubutu kuyachoma, hata moshi wake nauogopa. Mti nikauzungushia wavu wa kuku, geti dogo na kufuli. Neema nimemfundisha, na kila mgeni anaambiwa kabla hajanywa maji.

Nilidhani mama hatarudi tena. Mvua zilipokolea mti ukatoa maua, nikahesabu kumi na tisa. Mke wangu akampigia simu, naye akafunga safari.

Jioni nilifungua geti akaingia kuangalia. Harufu imejaa uani. Akanyoosha mkono kwenye ua la chini kabisa.

"Nichume hili moja nimpelekee Neema alichezee?"

Moyo ulinidunda kama siku ya kuposa.

"Hapana, mama."

Akarudisha mkono. Akacheka mpaka akashika wavu.

"Haya. Leo ndiyo nimepata mkwe."

Wakuu, mimi nimejifunza hivyo. Pandeni, ni ua zuri mno, lakini mwambieni kila mtu mapema, na aliye mkubwa kuliko wote muanze naye.

Wenye mti huu Singida au Chemba, tupeni uzoefu wa maji na upepo. Na nyie wenye wakwe: "hapana" ya kwanza mliisemaje?