Pampu ya Mtani

Kazi yangu mjini ni kubishana juu ya meli. Siku hizi zinaanza kuachana na mafuta mazito na kutumia methanoli, amonia, hata mafuta ya mimea, na sisi wanasheria tunaulizana: yakimwagika, nani alipe? Sheria ya fidia iliandikwa kwa ajili ya mafuta yanayochimbwa ardhini. Haya mapya bado yanatugombanisha.

Nikiwa likizo kwa shangazi yangu kule Mabwerebwere, nililieleza hilo mbele ya jirani yake. Mdomo huponza kichwa. Jirani huyo ni mtu wa milimani, sisi wa bondeni, na tangu enzi za mababu makabila yetu ni watani. Pampu yake ya kumwagilia ilitumia mafuta aliyoyapika mwenyewe kutokana na mabaki ya kukaangia chipsi, aliyoyafuata Mikumi kwa madumu. Ikiwaka, mtaa mzima unapata njaa kwa harufu ya chipsi.

Wiki hiyohiyo pipa lake lilipasuka, mafuta yakateremka hadi kwenye matuta ya mchicha wa shangazi. Mchicha huo ndio unaomlisha. Ulinyauka wote.

Jirani alikuja kutoa pole huku anatabasamu.

"Wakili, si ulisema sheria inajua mafuta ya kuchimbwa? Haya ni ya chipsi. Hayana kesi."

Nilichemka. Nikamwambia shangazi twende kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Mtani hashitakiwi, mwanangu," alisema. "Watatucheka mpaka Kimamba."

Kweli, mtani humkasirikii. Akikuudhi unacheka, halafu unangoja zamu yako.

Shangazi hakungoja sana. Jirani alipokwenda Mikumi kufuata madumu, shangazi aliingia uani kwake mchana kweupe, akaipakia pampu kwenye toroli, akaja kuifunga kwa khanga kwenye mguu wa kitanda chake.

"Mchicha ukiota, atapewa."

Bandarini sisi hukamata meli kwa amri ya mahakama mpaka mwenyewe aweke dhamana. Shangazi hakuhitaji hakimu.

Jirani naye hakuweza kukasirika, maana utani ni wa pande zote. Alizoa udongo uliolowa mafuta, akaleta samadi, akawa anamwagilia matuta kwa ndoo asubuhi na jioni. Siku moja aliniita pembeni, jasho linamtiririka.

"Wakili, nisaidie basi. Shangazi yako kachukua pampu yangu bila ruhusa."

"Pampu yenyewe inatumia nini?"

"Si unajua. Mafuta ya chipsi."

"Pole, mtani," nikamwambia. "Hayo hayana kesi."