Msalaba Mwekundu juu ya Kichwa cha Prof

Mama Léa akicheka pale sokoni Butembo, hata muuza ndizi wa upande wa pili wa barabara anajua kuna mteja ameshindwa bei. Jina lake la ubatizo ni Marie-Jeanne, lakini paroko peke yake ndiye anayemwita hivyo, tena siku za kumkaripia. Anauza kabichi na vitunguu vinavyoshuka na lori kutoka Masereka. Mimi nauza mafuta ya mawese kando yake, na miaka yote tuliyouza pamoja nimemtunzia siri zake zote, isipokuwa zile alizozipigia kelele mwenyewe. Hizo zilikuwa nyingi.

Alifiwa na mumewe kabla ya vita ya kwanza ya Kongo. Akamlea binti yake Léa peke yake, akamsomesha, akamwoza vizuri, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye sebule ambayo kila kiti kimefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Ukutani ametundika picha ya harusi yake, yeye na marehemu katikati ya ndugu. Juu ya kichwa cha marehemu kuna msalaba mdogo wa kalamu. Juu ya kichwa cha mama mkwe, mwingine. Ndivyo tunavyofanya katika nyumba zetu: mtu akifariki tunamchorea msalaba kwenye picha, ili mgeni asije akaulizia habari zake akatutia simanzi. Mtoto wa kwetu hujua kuusoma msalaba huo kabla hajajua kusoma jina lake.

Chini ya picha hiyo palikuwa na msumari mtupu. Mama Léa alisema unangoja picha yake ya safari. Siku zote alikuwa amesafiri kwa ajili ya kabichi tu, na alitaka angalau mara moja asafiri kwa ajili yake mwenyewe.

Safari ilikuja mwaka 2000, wakati nchi nzima imegawanywa vipande, kila kipande na wakubwa wake na bunduki zake. Kwaya yetu ilialikwa Beni kuimba kwenye jubilei ya parokia moja ya huko. Wiki hiyo barabara ilikuwa wazi, basi tukajaa kwenye lori. Maliro mpiga picha tulimchukua pia. Sauti yake ya besi haitusaidii kitu, lakini kamera yake inasaidia.

Na Prof Tshibangu alikuwemo. Huyu ni Mluba wa Kasai, serikali ilimtuma Butembo kufundisha hesabu, kisha vita ikafunga njia nyuma yake. Mshahara ukapotea, barua zikapotea, akabaki anakula mikononi mwa wazazi wa wanafunzi wake. Hakuwahi kunung'unika mbele yetu. Kila asubuhi alifunga tai, hata siku ambazo shule haikufunguliwa kwa sababu ya risasi. Kiswahili alijifunzia kwetu, na anakisema polepole, kama mtu anayevuka matope na suruali safi.

Asubuhi, baada ya misa ya Beni, mawingu yakafunguka na Ruwenzori ikatokea na theluji yake. Wenyeji wenyewe wanasema mwezi unaweza kupita hawajaiona. Mama Léa akampigia Maliro kelele alete kamera upesi. Alikuwa na kandambili miguuni kwa sababu ya matope, na viatu vyake vya visigino vilikuwa ndani ya mfuko. Akavaa visigino haraka haraka, akatafuta pa kuweka kandambili, hakupaona, akamsukumia Prof aliyekuwa amesimama karibu. Maliro akabonyeza.

Picha ndogo ilipotoka, tuliipitisha mkono kwa mkono. Katikati ni Mama Léa, mikono kiunoni, anacheka. Nyuma ni mlima. Upande wa kulia ni Prof, tai imenyooka, amezikumbatia kifuani zile kandambili zenye matope, na hatazami kamera hata kidogo. Anamtazama Mama Léa. Asiyeelewa picha ile alikuwa anajitia hamnazo.

Sisi hata hivyo tulikuwa tunajua tayari. Njiani kurudi kutoka Beni, Prof alikuwa amemwomba Mama Léa waoane. Aliomba kwa sauti ya chini kabisa, ila dereva alikuwa amezima injini ili ipoe, kwa hiyo lori zima lilisikia na lori zima likajifanya limelala. Mama Léa alisema atajibu. Mwanamke anayewajibu wateja kabla hawajauliza akisema atajibu, ujue ameguswa.

Siku chache baadaye Prof alirudi Beni. Alikuwa amesikia kuna ndege ya wamisionari inayoweza kumfikishia barua dada yake kule Kasai. Alipoaga alisema akirudi ataomba jibu lake. Halafu barabara ikafungwa nyuma yake, kukawa hakuna lori la kwenda wala la kuja, uvumi tu.

Wakati huo ndipo Mama Léa alipotaka picha kubwa ya ule msumari, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kila anayeingia sebuleni kuomba chumvi ataisoma picha ya ukutani. Ukimtundika mwanamume aliyekumbatia kandambili zako, umeshatangaza ndoa. Ukimkata, umemjibu hapana. Sokoni Mama Léa alimfunika Prof kwa kidole gumba, akakiondoa, akamfunika tena. Na akimfunika, theluji nayo inaondoka, kwa sababu kilele kilikuwa kimekaa juu ya bega la Prof. Nilimwambia kwamba milima isiyo na theluji tunayo ya kutosha hapa Butembo, hakukuwa na haja ya kuifuata Beni. Hakucheka.

Shemeji yake Syauswa akaja kuiona. Ni mtu mwema, lakini tangu kaka yake afariki amejipa kazi ya kumchunga Mama Léa kama anavyochunga pikipiki yake. Akaishika picha, akaitazama sana, akasema, "Ule mutu, vita ikiisha ataenda kwabo. Na weye utabakia na picha yake ku ukuta. Maliro amukate tu."

Mama Léa hakumjibu Syauswa, na mimi nilijua kwa nini. Maneno ya watu hayamtishi. Angeyauza pamoja na kabichi. Alichokiogopa ni kile kile alichokitaja shemeji yake. Syauswa alipoondoka aliniambia, "Mume moya nilishamuandikia musalaba. Wa pili, sipendi abakie ku ukuta na yeye eko Kasai." Akafunga mtandio wake, tukaenda kwa Maliro.

Studioni alisema maneno mawili tu: "Prof, umutoshe."

Maliro alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa Kiswahili chetu, kutosha kitu ni kukiondoa, na kutosha picha ni kuichapa mpaka itoke kwenye karatasi. Neno moja lina kazi mbili, na kazi zenyewe zinapingana. Akauliza, "Nimutoshe inje, ao nimutoshe muzuri?"

Mama Léa akatazama dirishani. "Inje," akasema.

Maliro, ili asije akakosea, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kando ya bega la Mama Léa, na upande wa kutupwa akautia alama ya mistari miwili iliyokatana. Alama hiyo ikaangukia juu ya kichwa cha Prof. Mstari wa kusimama ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa kulala. Akaibandika picha ubaoni ingoje petroli, kwa sababu mashine yake ya kukuza picha inategemea jenereta, na jenereta haijawahi kuwaka kwa maneno matamu.

Akaja Jokébed, soprano wetu, kupigwa picha ya kitambulisho. Jokébed ana moyo safi na mdomo usio na bawaba. Maliro alikuwa kwenye chumba chake cha giza, kwa hiyo Jokébed akangoja, na kwa kungoja akatazama ubao. Akaona Prof Tshibangu, aliyekwenda Beni na hajarudi, ana msalaba juu ya kichwa. Hakuuliza kitu. Angeuliza nini? Akatoka analia.

Habari ilinikuta sokoni. Mama Léa alikuwa anabishania kabichi na mama mmoja wa Luofu, na walikuwa wamefika mahali patamu pa mabishano. Mtu akasema Prof amefariki Beni, kwaya inakusanyika kwake. Mama Léa akamwekea yule mama kabichi mikononi, hakusubiri pesa, akaondoka. Tangu nimjue sijapata kumwona akitoa kabichi namna ile, na papo hapo nikajua anampenda yule mtu kweli kweli.

Kwa Prof, wanawake walikuwa wameshawasha moto na kutandika mikeka, na wanaume wanaleta kuni. Mama Léa akapita katikati yao, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi chini mahali pale anapoketi mjane. Hakuna aliyempangia. Syauswa alikuwepo, kofia mkononi, akaona. Mama Léa alilia kwa ile sauti yake kubwa, na katikati ya kilio alirudia jambo moja: "Aliniuliza, mi nikanyamaza. Sikumujibu. Sikumujibu." Iliniuma sana, nikaketi kando yake nikalia naye.

Tukiwa hivyo akaingia Maliro na mzigo wa kuni begani, macho mekundu, maana yeye na Prof walikuwa marafiki. Akauliza kwa upole ni nani aliyeleta habari kutoka Beni. Kila mtu akamtaja aliyemwambia, na yule akamtaja mwingine, mpaka wote wakamgeukia Jokébed. Jokébed akasema yeye hakuambiwa na mtu, ameona kwa macho yake, Maliro mwenyewe ndiye aliyemchorea Prof msalaba.

Maliro akashusha kuni. "Mais ule musalaba ni ya kazi," akasema. "Niliandika pale pa kukata. Prof hayakufa. Kumbe nilikuwa ninamulilia kwa sababu ya alama ya mi mwenyewe."

Kisha Jokébed akaanza kucheka kwa aibu, uso ndani ya kanga, halafu alto wakamfuata, halafu uwanja mzima ukaangua kicheko, na tukashukuru Mungu huku tunashika mbavu. Mama Léa alikuwa bado ameketi chini. Alicheka mpaka akashindwa kupumua, kisha akakumbuka ni nani aliyeagiza Prof akatwe, kicheko kikakatika. Akafunga kitambaa chake, akasimama, akapangusa vumbi.

"Maliro," akasema mbele ya watu wote, "Prof, umutoshe."

"Vile gani?"

"Muzuri. Yote, na theluji yake."

Tukamgeukia Syauswa. Alivaa kofia yake, akaenda kwenye pikipiki, akaingiza mpira kwenye tangi, akanyonya petroli, akatema mate, akajaza chupa, akamkabidhi Maliro. Kisha akaikokota pikipiki yake kwenda nyumbani kwa miguu, na njia yenyewe ni ya kupanda.

Barabara ilipofunguka, Prof alishuka kutoka kwenye lori la maharagwe, akakuta mlangoni kwake rundo la kuni na mfuko wa unga. Watoto wa jirani walimwona wakakimbia. Kabla hajafungua kufuli alikuwa ameshasimuliwa kifo chake mara kadhaa, kila mmoja akitia chumvi ya kwake. Akanawa uso, akafunga tai, akaenda kwa Mama Léa. Mimi nilikuwepo kwa bahati tu. Nilikuwa nimekwenda kuomba chumvi, na chumvi ilikuwa imejaa kwangu.

Prof aliketi ukingoni mwa kiti, mgongo kwa ukuta, asikunje kitambaa. Alieleza kwamba barua imekwenda. Rubani alikuwa na kiti kimoja kitupu, akamwambia apande, jioni atakuwa kwao. Akakitazama kile kiti, akampa rubani barua, akarudi kungoja lori. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza jibu la hesabu. Kisha akavuta pumzi.

"Donc, Mama Léa," akasema, "jibu yangu iko wapi?"

Mama Léa alikuwa anamimina chai. Hakugeuka. "Iko ku ukuta," akasema.

Prof akainuka, akageuka. Juu ilikuwepo picha ya harusi na misalaba yake, mahali pake pale pale. Chini, kwenye msumari uliongoja sana, ilikuwepo Ruwenzori nzima, na Mama Léa anacheka, na yeye mwenyewe. Akasogea karibu. Akapitisha kidole juu ya kioo, juu ya kichwa chake, taratibu, akitafuta alama. Hapakuwa na kitu, theluji tu.

"Na kandambili yako," akasema, "niko nashika bado."

"Ushike tu," akasema Mama Léa.