Gari la Sukani Mbili

Mjini kwao wapo madereva kibao wasiolijua jina lake halisi, lakini wakimwona kando ya barabara wanapunguza mwendo. Alifundisha udereva tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zikawa nyeupe na za kutafuta, na kwa kuwa neno lililomtoka zaidi kinywani lilikuwa moja tu, wanafunzi walimbandika hilo hilo: Mwalimu Breki. Hata mkewe humwita Breki, hasa akitaka kumchokoza. Sasa amestaafu, na siku nzima yuko nyumbani akitafuta cha kukosoa. Amekaza bawaba za milango yote, zikiwemo zile zilizokuwa hazina tatizo. Amewaelekeza majirani namna ya kuegesha magari bila kuombwa na mtu. Mkewe alishaanza kumwomba Mungu ampatie huyu bwana kazi ya mikono, tena ya kukaa chini.

Kazi ilitoka juu ya kabati, siku Breki alipokuwa akitafuta shuka nzuri za chumba ambacho dada yake angefikia.

Huyo dada alimtangulia kuzaliwa kwa mwaka na kidogo, na hajampa nafasi ya kusahau. Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha mikate, ambako hata meneja alikuwa akivaa kofia yake vizuri akisikia viatu vyake vinakuja. Leseni yake ya udereva aliipatia mikononi mwa Breki, na ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kumshusha mwalimu njiani akaendelea na safari peke yake. Sasa mumewe amefariki, watoto wako mbali, naye anaishi mwenyewe katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Mwaka jana aliteleza bafuni, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja kuazima ngazi.

Tangu hapo, simu ya dada ikichelewa kupokelewa, chakula hakipiti kooni mwa Breki. Anampenda dada yake kuliko anavyojua kusema, na anaogopa, tena anaogopa hasa, kwamba safari nyingine hakutakuwa na jirani mwenye shida ya ngazi. Alimwomba ahamie kwake. Dada akamjibu kwenye simu kwa sauti ile ile ya kiwandani:

"Mdogo wangu, kwako dereva ni wewe. Mimi nikakae kiti cha nyuma nikisubiri kushushwa? Nitakuja wiki moja, niwasalimie, nirudi kwangu."

Basi Breki alikuwa juu ya stuli akivuta shuka, na pamoja na shuka likaja boksi la viatu likamgonga pajini. Ndani yake mlikuwa na gari dogo la plastiki, magurudumu mawili yameng'oka, kioo cha mbele kimekuwa cha manjano, na vumbi la kutosha kupanda mbegu. Alikaa kitandani nalo, shuka zikasahaulika.

Gari lile waliliunganisha wao wawili, yeye na dada, walipokuwa wanasoma. Baba yao alikuwa karani wa stoo ya duka kubwa, na siku moja aliruhusiwa kuchukua boksi lililolowa mvua, lile la vipande vya kuunganisha gari. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imegeuka tope. Watoto wakaunganisha kwa kutazama picha iliyobaki juu ya kifuniko, wakabishana kila kipande. Walipofika ndani, wakakuta dashibodi yenye tundu kulia na tundu kushoto, na sukani mbili. Watu wazima wanaelewa: waliotengeneza walitaka kila nchi ichague upande wake. Wao hawakuelewa. Walichoelewa ni kwamba kila mmoja alitaka kuwa dereva, wakashikana mashati. Baba akaja, akatazama, akatia gundi sukani zote mbili.

"Waliotengeneza hili gari," alisema, "wanaijua nyumba hii."

Kisha wakalipaka rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya nyumba, nzito kama uji, na gari likakaa juu ya redio ya baba miaka mingi.

Breki akaamua kulirudishia uhai kabla dada hajafika. Aliona ndiyo zawadi ya kumlainishia moyo. Alitandika gazeti kwenye meza ya sebuleni, akapanga msasa, kibano, kisu chembamba na brashi zake, akajishughulisha kama mtu aliyeajiriwa upya. Rangi ya zamani aliitoa kwa kuilaza bodi katika mafuta ya breki, maana hakuna aliyemzidi kujua yanavyobambua rangi ya gari yakidondoka. Bakuli alilotumia lilikuwa la saladi, na maneno aliyoyapata kwa ajili ya bakuli hilo tuyaache huko huko jikoni. Akasugua kila mchirizi, akanyoosha ekseli, akakata kioo kipya kwenye mfuniko wa boksi la keki. Gari likaanza kupendeza. Na jinsi lilivyozidi kupendeza ndivyo usukani wa pili ulivyozidi kumkera. Mwishowe akachukua kisu, akaukata polepole kwenye shina, akalainisha alama kwa msasa.

Mkewe alipoleta chai aliinama kuchungulia dirishani.

"Mbona usukani umebaki mmoja?"

"Gari moja, dereva mmoja. Ule mwingine ulikuwa makosa ya utotoni. Nimeyasahihisha."

"Uliobaki ni wa nani?"

Breki akajifanya anasafisha brashi.

"Nakuuliza, mume wangu. Ni wa nani?"

"Wangu."

Mkewe alivuta kiti akaketi. "Kwa hiyo wifi unamwita aje akae hapa, halafu unamwonyesha gari ulilomnyang'anya usukani. Si ungempigia tu ukamwambia asije."

"Gari haliwezi kwenda na madereva wawili."

"Na lile la shule yenu ya udereva? Umekaa upande wa abiria maisha yako yote, na pedali yako ya breki chini ya mguu. Mbona lilikuwa linakwenda?"

Breki alikunywa chai mpaka ikaisha, akaligeuza gari, akaitazama alama ya kisu. Aibu ilimshika. Hakuwa ameukata kwa ubaya, lakini alikuwa ameukata, tena wa mwenzake, bila hata kujiuliza.

Akauchukua ule usukani kwa kibano ili aurudishe. Yeyote aliyewahi kushika kitu kidogo kwa kibano anajua kilichofuata. Uliruka, ukatoa sauti kama ya punje ikidondoka, ukaingia kusikojulikana. Walitambaa wote wawili kwa magoti, wakahamisha meza, wakakung'uta zulia uani, wakapepeta hata takataka za ufagio. Walipata kifungo, karanga na hereni iliyokuwa imeshaombolezwa. Usukani haukupatikana, na kesho yake dada alikuwa anaingia.

Kilichomwokoa ni baba yake. Mzee yule hakuwa mtu wa kutupa kitu, na chini ya boksi la viatu alikuwa ameacha fremu ya plastiki ambayo vipande vilikuja vimeshikana nayo. Asubuhi Breki aliwasha mshumaa, akakata kijiti cha fremu ile, akakipasha moto hadi kikalegea, akakivuta taratibu kikawa uzi, akauzungushia kwenye kalamu. Wa kwanza uliungua. Wa pili ulikuwa na umbo la yai. Wa tatu ulikuwa duara, duara la kusamehewa, ila ulizidi ule mwingine kidogo kwa ukubwa. Aliubandika hivyo hivyo upande wa dada yake, akapaka rangi nyekundu ya mwisho nje ya bodi, akaweka gari juu ya meza likauke.

Dada alifika mchana akiwa na begi dogo, la mtu asiyekusudia kukaa. Breki alilipokea, akaona halina hata uzito. Walisalimiana, wifi na wifi wakakumbatiana, maji yakanywewa. Ndipo dada akaliona gari. Alivaa miwani, akainama, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Wangu umekuwa mkubwa kuliko wako," alisema.

"Wa zamani niliukata, dada. Halafu ukanipotea. Huo nimeutengeneza leo."

"Uliukata kwa nini?"

"Upumbavu."

"Huo naujua. Nauliza sababu."

Mkewe alicheka kule mlangoni. Breki hakucheka. "Niliona ndivyo gari linavyotakiwa kuwa. Nilikosea. Dada, mimi nakuogopea. Ukichelewa kupokea simu, nakaa kama mgonjwa."

Dada alivua miwani, akaifuta kwa upande wa kitenge chake, akaifuta tena ingawa ilishakuwa safi. Kisha akatazama sebule kuanzia kona hadi kona, kama alivyokuwa akikagua matanuri.

"Nani aliweka kochi likalipa dirisha mgongo?"

"Mimi," alisema Breki, na maelezo marefu kuhusu mwanga na televisheni yakamfika kwenye ulimi. Mkewe akakohoa. Breki akayameza.

"Mnaishi gizani kama viazi. Shika upande ule."

Breki akashika. Dada alisema kulia, yeye akasema kushoto, kochi likakwama katikati ya chumba, na mkewe akawahi kuliokoa gari mezani, akasimama nalo kifuani wakati wale wawili wakibishana kama zamani. Kochi lilipofika ukutani, mwanga uliingia hadi mlangoni, na Breki alilazimika kukiri moyoni kwamba palikuwa pazuri zaidi.

Dada aliketi akahema kidogo. "Kesho tutakwenda kuchukua cherehani yangu," alisema. "Na mto wangu. Mito ya watu inaniumiza shingo. Kwenda naendesha mimi, kurudi utaendesha wewe."

"Haya, dada," alisema Breki, na mguu wake wa kulia ulikuwa tayari umekandamiza zulia.