Milioni Moja na Moja

Mwalimu Kibwana alikuwa mtu wa mbwembwe. Pale shule ya msingi, upande wa Mzinga, hakuridhika kufundisha namba tasa kwa saba na kumi na tatu kama wenzake. Asubuhi ile aliandika ubaoni 1,000,001, akalitangazia darasa la sita kwamba hata dubwana hili ni tasa, haligawanyiki ila kwa moja na kwa lenyewe. Alikuwa amelijaribu nyumbani, akiligawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine, mpaka tisini na saba. Hapo akachoka. Ilimpasa afike karibu na elfu, lakini nani angemwuliza?

Shamimu, wa dawati la mbele, aliuliza jingine. Kwa nini zinaitwa tasa?

"Kwa sababu hazizai," alisema Kibwana, tayari anacheka. "Kama mke asiye na mtoto. Nyumbani kuna yeye na mwenzake mmoja, basi."

Watoto wakacheka. Kisha wakanyamaza, maana ukuta kati ya madarasa yale haufiki juu, na upande wa pili Madam Nasra, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa ameacha kusoma imla katikati ya sentensi. Nasra ni mke wa Kibwana. Hawana mtoto. Shule nzima inajua, na kule Kinole, kwa mama yake Kibwana, neno lile lile hutamkwa bila hesabu yoyote.

Kibwana aliona aibu. Kipindi kilipoisha alijificha ofisini, na kwa kukwepa macho ya mkewe akaendelea na mgawanyo pale alipouachia. Iliyofuata tisini na saba ni mia moja na moja. Akagawanya. Ikaingia mara 9,901, bila baki.

Namba ilikuwa inagawanyika siku zote. Yeye ndiye aliyeacha kupima, akaipa jina. Na hapo lile alilolikwepa kwa miaka likamrudia: daktari alisema wapimwe wote wawili. Nasra alipimwa, hakuonekana na kasoro. Kibwana alisema mwanamume mzima hana cha kupimwa, na mama yake alipomwita Nasra tasa, yeye aliinamia sahani akaendelea kula.

Kesho yake aliiandika tena ubaoni, akapaza sauti ivuke ukuta.

"Hii si tasa. Nilikosea mimi, sikumaliza kupima."

Jioni alimkuta Nasra akichambua mchicha. Nasra hakuinua uso.

"Nimesikia umeisafisha namba yako," alisema. "Mimi utanisafisha lini?"

Kibwana alikuwa na maelezo, mwalimu hakosi maelezo. Safari hii aliyaacha, akaketi kuchambua naye.

"Hospitali wanafungua saa mbili," alisema.

Saa ile aliijua vizuri. Ndiyo saa aliyompeleka Nasra kupimwa, yeye akabaki nje kwenye benchi.