Robo ya Bi Pindo

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Pindo, na jina hilo alilipata kwa haki kabisa. Ukimpelekea kitambaa akushonee suruali, ndani alikuachia pindo la kushushia mpaka uchoke kurefuka, na kiunoni akakuwekea nafasi ya kutanulia. Ukilalamika, alikujibu huku pini zimebanwa midomoni: "Leo mwembamba, kesho je? Akiba haiozi."

Sifa zake zilifika hadi chuo cha ufundi, ng'ambo ya barabara kuu. Mkuu wa chuo alimwona siku moja akimwelekeza msichana namna ya kukata kola, akamtaka awe mwalimu wa ushonaji. Lakini chuo kina taratibu zake, na taratibu zilidai cheti cha sekondari chenye hesabu. Bi Pindo alitolewa shuleni akiwa na mimba, enzi hizo ambazo msichana wa namna hiyo hakuulizwa hata neno. Ukubwani alijaribu mtihani mara mbili. Masomo mengine aliyaweza. Hesabu ikambwaga mara zote. Mkuu wa chuo akamwambia kwa upole kwamba nafasi yake ingengoja mtihani wa mwaka huu tu. Akishindwa, angechukuliwa mwingine.

Mimba ile ile, dunia ina vituko, ndiyo iliyokuja kuwa mwalimu wa hesabu. Kila Jumapili mchana binti alikuja dukani kwa mama yake, wakasogeza mikasi na mabaki ya vitambaa, wakatandaza karatasi juu ya meza ya kukatia. Kilichomshinda mama kilikuwa milinganyo miwili inayokwenda pamoja, ile yenye herufi mbili zinazoficha namba.

"Hawa x na y mimi nimewakosea nini?" aliuliza.

Binti akacheka, akaziacha herufi, akaleta nguo. "Haya mama. Mashati mawili na sketi tatu zimekula mita kumi na tatu. Mashati mawili na sketi moja zimekula mita saba. Shati moja linakula mita ngapi, na sketi ngapi?"

"Mashati si yale yale, huku na huku?"

"Yale yale."

"Basi nayaweka pembeni. Kilichozidi ni sketi mbili na mita sita." Uso ukamchanua. Akashika chaki, akaandika juu ya meza: shati, mita mbili na robo, sketi, mita tatu na robo.

Binti akajishika kichwa. Njia ilikuwa sawa, jibu sivyo. Akampa swali la ndoo na madumu. Robo ikaja tena. Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Hatimaye binti, aliyekuwa amesahihisha makosa ya watu wiki nzima, uvumilivu ukamwishia.

"Mama, mbona hata wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza hawakosei hivi?"

Mama aliinuka mezani. Alirudi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga pedali ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Binti akaisikiliza ile mashine ikishona hewa, na sauti hiyo ikamuuma kuliko kofi. Akamfuata, akapiga magoti kando yake.

"Nisamehe, mama. Nieleze tu. Hiyo robo inatoka wapi?"

Bi Pindo alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini watu hula. "Ya mshono, mwanangu. Na ya pindo. Utakataje kitambaa bila kuacha kitu? Kikipungua, ndiyo basi tena."

"Na kwenye ndoo?"

"Mkono umezoea," alisema kwa aibu. "Naona vibaya kumpa mtu kitu kimbane. Wewe sketi yako ya shule si niliishusha kila mwaka? Kitambaa kingine sikuwa nacho. Ni hiyo hiyo uliyomalizia shule ya msingi."

Binti aliikumbuka. Aliikumbuka mistari ya buluu iliyokoza, mmoja juu ya mwingine, pale mapindo ya zamani yalipofumuliwa. Hakuwahi kwenda shule na sketi fupi, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini. Akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake na kulia.

Alipotulia, akajifuta kwa kipande cha kitambaa. "Mama, watu hukua. Mlinganyo haukui. Haunenepi, hauzai. Ukishapata jibu, lirudishe kwenye swali, kama unavyomjaribisha mteja nguo. Likipwaya, umekosea."

"Hata likipwaya kidogo?"

"Hata robo."

Wakajaribisha. Mashati mawili na sketi moja, kwa vipimo vya Bi Pindo, zilikula mita saba na robo tatu, na kitambaa kilikuwa mita saba. "Hii imempwaya," mama akakiri, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Mazoea yana tabu. Siku ya mtihani aliletewa swali la viti na meza, atafute uzito wa kila kimoja. Alipata kiti kilo tano, meza kilo kumi na nne, na papo hapo mkono ukaanza kuifuata robo. Akaushika kwa mkono wa pili, kama anayemzuia mtoto asichovye sukari. Akalirudisha jibu kwenye swali, likakaa sawasawa. Akaliacha hivyo hivyo, na baadaye alimwambia binti yake kwamba roho ilimuuma kama amemtoa mteja mlangoni bila pindo.

Alifaulu. Hazikuwa alama za kupigiwa vigelegele, lakini binti alivipiga palepale kwenye ofisi ya walimu, simu ikiwa bado sikioni.

Siku moja kabla ya kuanza kazi chuoni, Bi Pindo alimwita binti ajaribu gauni la kumsindikizia. Binti alisimama mbele ya kioo, akainama kulitazama pindo. Lilikuwa pana kama kiganja.

"Mama! Mimi na umri huu bado nitarefuka?"

Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini midomoni. "Hesabu haikui, nimekubali," alisema. "Wewe ni mwanangu. Simama wima."

Binti akafuta macho, akasimama wima.